Ngazi ya Chaki

Mtaa mzima ulijua kwamba Mzee Saa hajalia. Miezi minne tangu mkewe azikwe, na hata lile chozi la kusingizia vumbi halijaonekana. Jirani wa ukuta mmoja, mwanamke ambaye watu walimwita Redio kwa kuwa hazimwi, alikuwa ameipeleka habari hiyo mpaka kwa muuza mkaa.

"Siku ile nilisimama naye bega kwa bega," alisema. "Jicho kavu kama kokoto. Mimi jirani tu nililowesha mtandio mzima, yeye anaangalia juu kama mtu anayesubiri mvua."

Wala Redio hakuongopa. Mzee Saa mwenyewe angeulizwa angekubali. Si kwamba alijikaza. Aliitafuta huzuni kama mtu anavyotafuta miwani yake, akapapasa huku, akapapasa kule, asiipate. Kilichokuwepo ni ganzi, ile ya mguu uliokaliwa vibaya: unaugusa ni wako, lakini wenyewe hauna habari nawe. Asubuhi alikwenda kwenye kibanda chake, akafungua vifuniko vya saa za watu, akabadili betri, akapuliza vumbi. Jioni alirudi, akala alichopewa, akajilaza kwenye kochi la sebuleni.

Kochi lenyewe lilikuwa la watu wawili na yeye ni mtu mrefu, kwa hiyo miguu ilitokeza nje kuanzia magotini kama mzigo uliozidi gari. Lakini hapo alipata usingizi. Chumba cha juu, walikolala yeye na mkewe miaka thelathini na moja, hakuwa amekikanyaga tangu mazishi. Nguo zake mwenyewe ziliteremshwa na dada yake, zikawekwa kwenye boksi nyuma ya kochi, na hakuna aliyeuliza kitu. Nyumba yote ilimzunguka kwa kunyata, kama wanavyozungukwa watoto wachanga na mbwa wakali.

Ilikuwa nyumba ndogo, ya zamani: chini sebule, jiko na stoo, juu vyumba viwili. Kati ya chini na juu kulikuwa na ngazi ya mbao nyembamba, iliyosimama wima kama mtu anayetafuta ugomvi. Katikati ilikata kona kwa vidato vya pembetatu, vyembamba upande mmoja kama kipande cha keki cha mtu mchoyo. Mzima aliipanda kwa adabu. Mgonjwa hakuipanda wala hakuishuka.

Na hapo ndipo ilipokuwa shida. Mke wa Mzee Saa aliugua miezi mitano kule juu, mwanamke ambaye bila watu chai haikumshuka. Aliongea na mtaa kupitia dirishani, akaamua ugomvi wa watoto, akapatanisha ndoa mbili, lakini kila siku alisema, "Nishusheni jamani, nikakae na watu. Hata kwa kamba, kama ndoo." Walijaribu mara moja kwa kiti. Kwenye kona kiti kikakwama, yeye akicheka na kuuma meno kwa wakati mmoja, wakamrudisha kitandani. Siku alipofariki machela nayo ikakataa kona. Wanaume wakang'oa fremu ya dirisha, wakaleta kamba, wakamteremsha mtaa mzima ukitazama. Mzee Saa alipewa ncha moja ya kamba ashike. Ilimpita kiganjani, akaona ngozi imechubuka, akaona na damu, hakusikia kitu. Dirisha likazibwa kwa mbao nne na misumari, likabaki hivyo.

Kisha binti yake akahamia na watoto watatu ili baba asibaki peke yake, na wiki ya pili yule mdogo akateleza kwenye ngazi, akavunja jino la mbele. Baraza likakaa siku hiyo hiyo: ngazi ibadilishwe.

"Baba, unaonaje?" binti aliuliza.

"Sawa," alisema Mzee Saa.

* * *

Fundi aliyepatikana alitoka upande wa pili wa mji, hakujua la mtaa wala la nyumba. Jina lake la kazi lilikuwa Ufito, kwa sababu hakutembea bila ufito mrefu wa mbao, umenyooka kama neno la mlevi lisivyonyooka. Futi ya chuma alikuwa nayo mfukoni, ila aliitoa kwa wasiwasi, kama mtu anayetoa kitambulisho.

"Futi ina namba," alisema, "na penye namba mtu hukosea kusoma. Ufito nausimamisha hapa chini, nauweka alama unapogusa sakafu ya juu, basi. Hiyo ndiyo nyumba yenu. Kazi yangu ni kuigawa sawasawa. Mnisaidie jambo moja: hii ya zamani ina vidato vingapi?"

"Kumi na viwili," alisema binti.

"Kumi na vitatu," alisema Shangazi, dada yake Mzee Saa, ambaye alikuwa amekuja kusaidia kwa siku mbili na sasa ana mwezi wa tatu. "Mimi ndiye ninayeifagia, wewe unaipanda tu."

"Unahesabu na sakafu, Shangazi."

"Sasa sakafu siikanyagi? Naruka?"

"Kumi na kimoja na kibovu kimoja," alisema Mzee Saa kutoka kwenye kochi.

Wote wakageuka. Wiki nzima hakuwa amesema sentensi ndefu kiasi hicho.

"Cha saba," aliendelea, macho yakiwa kwenye kikombe chake. "Ni kifupi kwa vidole viwili."

Fundi Ufito akapanda, akaweka ufito kidato kwa kidato, akaweka alama kwa penseli. Kwenye cha saba akapiga mluzi. "Vidole viwili kamili! Na nyie hamjawahi kuanguka?"

"Sisi miguu yetu inajua," alisema binti. "Hata gizani. Anayeanguka ni mgeni."

"Ala!" Redio alikuwa ameingia kuomba chumvi na chumvi alikuwa ameisahau. "Mimi nimeangukia pale mara tatu! Mara tatu, mbele za watu, nikadhani ni presha. Nimekunywa dawa mwaka mzima. Kumbe mlijua?"

"Ulikuwa unapanda kufuata umbea," alisema Shangazi. "Kidato kilikuwa kinafanya kazi yake."

Walicheka mpaka watoto wakaja kuangalia. Mzee Saa aliona wanacheka. Aliona pia kwamba ni jambo la kuchekesha. Akapuliza chai yake.

Kugawa nyumba si kazi ndogo. Fundi alieleza kwamba kidato cha kistaarabu kimo chake ni kama sentimita kumi na saba, na mahali pa kukanyaga pawe ishirini na tano. Kwa nyumba hii vitoke vimo kumi na vitano. Lakini ngazi inayolala vizuri hula nafasi, na nafasi haikuwepo.

"Ya moja kwa moja isahauni," alisema. "Itaanzia barabarani. Mtakuwa mnapandia kwa jirani."

"Karibuni," alisema Redio.

Binti alikuwa na lake. Alishaona ngazi ya chuma ya mviringo kwenye duka moja lililokuwa likibomolewa. "Inazunguka nguzo moja tu, inakaa pale pembeni mwa mlango wa jiko. Haichukui nafasi. Na kochi la baba halisogei," akasema, na hayo ya mwisho aliyasema akiangalia dari.

"Ngazi ya kuzunguka!" Shangazi alishika kiuno. "Unataka nifike juu nimesahau nilichofuata?"

Fundi alikuwa na ya kwake: ianze karibu na mlango wa jiko, ifuate ukuta wa kushoto kwa vidato sita, ifike kwenye kituo kipana pembeni, kama jukwaa dogo la kupumulia, igeuke, imalizie. Akaonyesha kwa ufito mahali pa kituo, na nguzo zake mbili zitakaposimama. Ncha ya ufito ikatua kwenye mto wa kochi, sentimita chache kutoka goti la Mzee Saa.

Kila mtu mle ndani, isipokuwa fundi, alijua kinachopimwa. Kochi likiondoka, Mzee Saa hana pa kulala ila juu.

"Mzee?" fundi aliuliza.

"Sawa."

"Sawa ipi? Ya mviringo au ya kituo?"

"Yoyote. Sawa."

* * *

Fundi Ufito hakuwahi kukata ubao kabla ngazi haijakaa siku tatu kwa chaki. Ndiyo ilikuwa kawaida yake, na watu waliomjua walimvumilia. Alipiga magoti akaichora sakafuni kwa ukubwa wake wote: ya mviringo kwa chaki ya buluu, ya kituo kwa chaki nyeupe. Kisha akatoa amri.

"Mstari ni ukuta. Hakuna kupita juu yake. Ukitaka kwenda jikoni, zunguka. Mtu akikanyaga, ameshavunja pua. Siku ya tatu nitarudi mniambie ipi imewaudhi kidogo."

Basi kwa siku tatu nyumba ile iliishi na kuta zisizokuwepo. Watoto walikuwa polisi wakali kuliko wote. Shangazi alikamatwa mara nne siku ya kwanza, akafungiwa jikoni mpaka akaimba. Redio aliingia akiwa na habari ya moto, akapita katikati ya kituo, akapigiwa kelele, akasimama na mguu juu kama korongo. "Niambieni nipitie wapi, na mimi niwaambie nani kaachwa!"

Mzee Saa aliporudi kutoka kibandani siku ya kwanza alikuta kochi lake limezungushiwa mraba mweupe. Akauangalia. Akaingia ndani yake kwa hatua ndefu bila kugusa mstari, akaketi. Watoto wakampigia makofi kwa kuwa ndiye pekee asiyevunja sheria. Kwa siku tatu alikula ndani ya mraba ule, akavaa viatu ndani yake, akalala ndani yake, miguu ikiwa imetokeza nje ya ukuta. Mjukuu mdogo, yule asiye na jino, alimwambia, "Babu, miguu yako iko hewani." Akasema ni kweli.

Binti alimwona, akaenda kumnong'oneza Shangazi jikoni, na nyumba ndogo haina mnong'ono. "Tuchukue ya mviringo tu. Tumwachie kona yake. Shangazi, nakuomba."

"Mpaka lini?"

"Mpaka atakapokuwa tayari."

"Mtu haivi kama maharage, mwanangu."

Mzee Saa aliyasikia yote. Yalimpita kama maneno ya watu waliokaa kiti cha nyuma.

Siku ya tatu, Jumamosi, fundi akarudi na ufito wake. Sebule ilikuwa imejaa: binti, Shangazi, watoto, na Redio aliyekuja kurudisha chumvi ambayo hakuwahi kuichukua.

"Haya, Mzee. Ya buluu au nyeupe?"

"Mfanye mnavyoona."

Fundi akaketi sakafuni. "Mzee wangu, shikamoo tena. Nimetengeneza ngazi za watu wenye hasira, wenye haraka, wengine wamelewa. Ya mtu wa sawa-sawa sijui inavyotengenezwa. Wewe ni fundi saa. Mtu akikuletea saa akasema 'irekebishe ionyeshe saa yoyote,' utafanyaje?"

Mzee Saa akafikiri. "Nitamrudishia."

"Nami nakurudishia. Basi tuiulize ngazi yenyewe. Leteni mlango."

"Mlango gani?" binti akauliza.

"Wowote. Wa jiko. Ung'oeni kwenye bawaba. Ngazi yangu siikati mpaka mlango upite. Tunaubeba watu wawili, tunaufuata mstari wa chaki kama tunashuka nao. Ukipita, nakata. Usipopita, nafuta."

"Kwa nini mlango?" akauliza mtoto mkubwa.

"Kwa sababu urefu wake na upana wake ni kama mtu aliyelala," alisema fundi, akipangusa chaki mikononi. "Kila nyumba kuna siku mtu atashuka amelala. Mwenye homa, mama mjamzito, yeyote. Ngazi isiyojua hivyo ni pambo."

Aliinua uso, akakuta hakuna anayemwangalia. Shangazi alikuwa ameshika mdomo. Redio, kwa mara ya kwanza tangu mtaa uanze, alikuwa amezimwa.

"Fundi," alisema binti taratibu, "hiyo tuiache. Tuchukue ya mviringo."

Mzee Saa akaweka kikombe chini. Akainuka, akavuka mstari wa kituo bila kuutazama, watoto wasithubutu kumkamata, akaenda kwenye mlango wa jiko. Akachomoa mfukoni mwa shati bisibisi yake ya kazi, kijiti chembamba cha kufungulia saa za mkononi, akaijaribu kwenye skrubu ya bawaba. Ilikuwa kama kumwamsha tembo kwa unyoya. Fundi akampa ya kwake kubwa. Akafungua bawaba ya chini, kisha ya juu, akaupokea mlango ulipoanguka kifuani.

"Shika huku," alimwambia fundi.

Walianza na ya buluu. Hawakumaliza hata nusu mzunguko. Ncha moja ilibaki nje ya duara kwa urefu wa mkono mzima.

"Haupiti," alisema fundi.

"Na ukisimamishwa?" binti aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo.

"Ukisimamishwa utapita. Mlango hausemi unaumia."

Wakarudi mwanzo. Ili kufuata ile nyeupe, kochi lilikuwa njiani. Wote wakamwangalia Mzee Saa, na fundi naye, ambaye sasa alikuwa ameanza kuelewa kwamba ameingia mahali penye kidonda, akashusha upande wake wa mlango polepole.

"Lisogezeni," alisema Mzee Saa.

Shangazi na binti wakalivuta kochi mpaka dirishani. Chini yake kulikuwa na kalamu mbili, kitufe, na jino. "Langu!" mtoto mdogo akapiga kelele, akalichukua, akaondoka nalo.

Wakaanzia juu, yaani mwisho wa mistari. Fundi alitaka kutangulia akirudi kinyumenyume.

"Geuza," alisema Mzee Saa. "Miguu mbele."

"Miguu?"

"Anashuka. Anayeshuka anatangulia miguu, kichwa kinabaki juu. Hivyo. Sasa taratibu. Usikimbilie kona." Sauti yake ilikuwa ileile ya kumwambia mteja saa yake itakuwa tayari kesho. "Simama. Mwinue kidogo upande huu. Asiguse ukuta."

Walifika kwenye kituo. Wakageuza. Mlango ulizunguka, ukazunguka, na kwenye mstari wa mwisho kona yake ikatokeza nje kwa kiganja kimoja.

"Umepita," alisema fundi. "Kiganja tu, Mzee. Mkibana kidogo mtakwaruza rangi, basi."

"Haujapita."

"Kwa kubana—"

"Hatumbani. Ongeza."

Fundi akafuta kwa unyayo, akachora upya, kituo kikawa mita moja na robo kasoro kidogo. Mstari mpya ulikwenda hadi karibu na kizingiti cha dirisha, ukagusa mguu wa kochi hapo liliposogezwa.

"Baba," alisema binti. "Sasa halitakuwa na pa kukaa popote."

"Mpeni anayelitaka."

"Utalala wapi?"

Lilikuwa swali la miezi minne, na ndiyo mara ya kwanza kutamkwa. Mzee Saa aliangalia mistari sakafuni, akaiangalia mikono yake kwenye mlango. Kovu la kamba lilikuwa limekwisha kufunga, linang'aa kidogo.

"Turudie," alimwambia fundi.

Wakarudia. Miguu mbele, kichwa juu, taratibu, kona. Mlango ukazunguka ndani ya chaki bila kugusa popote, ukashuka vidato sita visivyokuwepo, ukafika sakafuni mbele ya jiko, pale ambapo watu hukaa. Mzee Saa akaulaza chini kwa uangalifu, kwanza upande wa miguu, halafu wa kichwa. Akabaki ameinama, kiganja kikiwa juu ya ubao. Kisha akanyooka.

"Kata," alisema.

Akaomba ufito. "Dirisha la juu halina fremu. Nikalipime."

Akaipanda ngazi ya zamani, ufito mkononi. Kwenye cha saba mguu ulijua wenyewe, ukatua vidole viwili mapema. Miezi minne, na haukusahau.

Chumba kilikuwa na vumbi jepesi na kitanda kilichotandikwa na Shangazi. Mchana uliingia kwa nyufa za zile mbao nne, ukalala sakafuni kwa mistari iliyonyooka. Akausimamisha ufito dirishani, akaweka alama ya urefu kwa penseli. Akaulaza, akaweka ya upana. Basi, hakukuwa na kingine cha kupima. Akaketi upande wake wa kitanda.

Chini walikuwa wameanza tena. Kijiko kikigonga kikombe. Fundi akiomba maji ya kunywa. Shangazi akimuuliza kama ana mke, na mtoto akidai alipwe kwa ajili ya jino. Kila neno lilifika juu, safi, kana kwamba wamekaa miguuni pa kitanda. Hakuwa amejua kwamba hapa husikika hivi. Miezi mitano alikuwa akipanda na kushuka, kuleta dawa, kutoa beseni, wala hakuwahi kukaa akanyamaza akasikia alichokuwa anasikia mkewe. Ndiyo maana alitaka kamba.

Alingoja kitu kije. Hakikuja. Mguu wa kulia tu, aliokuwa ameukalia, ukaanza kuchomachoma, na akalala chali kuunyoosha. Kitanda kilimtosha mwili mzima.

"Vipi huko juu?" Ilikuwa Redio, amewashwa upya, akijaribu kunong'ona. "Kalia?"

Hatua za binti zikapanda, zikaruka cha saba, zikasimama mlangoni. Mzee Saa hakufungua macho. Zikakaa hapo muda mrefu kidogo, kisha zikashuka.

"Kalala," alisema binti.

"Na viatu?"

"Na viatu."

"Basi mwache," alisema Shangazi. "Na wewe fundi, usianze msumeno."